Mlango wa Mama Pokea

Kabla televisheni haijaingia nyumbani kwake, mlango wa Mama Pokea haukuwa na komeo. Ulikuwa na kitasa kilichokufa zamani, na kipande cha tofali cha kuuegemeza upepo ukivuma. Alipoulizwa kwa nini hamwiti fundi, alijibu kwamba mtoto akitaka kutoka hasubiri watu watafute ufunguo.

Alikuwa mkunga. Alifanya kazi wodi ya wazazi tangu usichana wake mpaka magoti yalipomgomea, na hata baada ya kustaafu watu waliendelea kumgongea, maana hospitali ilikuwa ng'ambo ya daraja na uchungu haujui foleni. Jina la Pokea alipewa na wanawake aliowazalisha. Wakunga wengine walipiga kelele, "Sukuma! Sukuma!" Yeye alikuwa akisema taratibu, "Nipe, mwanangu. Napokea. Napokea." Nusu ya mtaa ilipita mikononi mwake. Kulikuwa na wanaume wazima na ndevu zao, vinara wa ubishi kwenye vibaraza, ambao wakipita mbele ya mlango ule walishusha sauti, kwa sababu mama yule aliwahi kuwashika miguu juu kichwa chini na kuwapa kofi la kwanza la maisha yao.

Na mgeni wake alipoaga, akashika mlango ili aurudishie, Mama Pokea alisema neno lile lile kila siku: "Usifunge, mwanangu. Acha wazi tu."

Televisheni aliletewa na kifungua mimba wake, dereva wa malori ya safari ndefu. Mwana huyu alimpenda mama yake, hilo lisitiliwe shaka. Kila alipokuwa njiani alimfikiria kakaa peke yake na magoti yake, akitazama ukuta, na roho ikamuuma. Basi siku moja akatokea na sanduku pana kuliko meza, akalitundika, akamwekea mama yake rimoti mkononi.

"Sasa huna haja ya kutazama ukuta," akasema.

"Nitatazama nini?"

"Dunia, mama."

Mwanzoni ilikuwa vicheko. Mwenzake wa kutazama alikuwa Msusi, binti wa nyumba ya pili, ambaye mchana kutwa alisuka wateja kibarazani kwake na kila mwisho wa juma alikuja kumsuka Bibi. Wawili hawa walikuwa wametoka mbali. Msusi alizaliwa akitanguliza miguu, siku ambayo daraja lilikuwa limezibwa na maji, na wote waliokuwapo walikwishakata tamaa isipokuwa mkunga. Mama mzazi wa Msusi alifariki baadaye kwa maradhi mengine, kwa hiyo Mama Pokea akabaki kuwa mama, bibi na mtu wa kumtania.

Siku moja kwenye skrini alitokea mwanamke anajifungua. Alipiga mayowe mpaka vikombe vikatetemeka kabatini.

"He!" Mama Pokea akajishika kiuno. "Huyu anazaa au ananadi samaki?"

Msusi alicheka mpaka kitana kikamdondoka. "Kwani Bibi, hawalii hivyo?"

"Mwanzoni watalia watakavyo. Wengine humtukana mume na ukoo wake wote, na mimi huwa nawasaidia. Lakini mtoto akishafika mlangoni, mwanangu, sauti inashuka. Inakuwa nzito, inatoka tumboni, kama mtu anayesukuma kabati peke yake. Mimi nikiisikia hiyo, hata kama niko chooni, najua nimebakiwa na muda wa kunawa mikono tu."

Vicheko havikudumu. Tamthilia za mapenzi zilimchosha, kwa sababu wapendanao walichukua wiki nzima kuambiana jambo ambalo mtaani kwao lilimalizwa bombani kabla ndoo haijajaa. Akaangukia kwenye tamthilia ya majambazi, iliyorushwa kila siku alasiri na kurudiwa asubuhi kwa wale waliobahatika kuikosa. Humo hakuna aliyekufa kwa homa. Watu walikufa kwa kisu, kwa risasi na kwa kamba, na kila mlango uliofunguliwa ulimwingizia mwenye nyumba mauti. Mbaya wao alikuwa jambazi asiyeonekana uso, mwenye helmeti nyeusi ya pikipiki. Mama Pokea aliishi na damu maisha yake yote na hakuwahi kuiogopa, kwani damu aliyoijua yeye ilikuja na mtoto. Hii ya kwenye skrini ilikuja mikono mitupu.

Kuna kipande kimoja kilichomnyima hamu ya chakula. Mwanamke aligonga mlango wa jirani yake akilia, "Nisaidie, nakufa!" Jirani, mama mtu mzima, akafungua kwa huruma. Kumbe nyuma ya yule mwanamke alikuwapo yule wa helmeti, amemshika mkono, kisu kiko mgongoni mwake. Wakaingia. Waliokuwamo ndani hakusalimika hata mmoja. Mama Pokea aliwalilia kama watu aliowazalisha yeye, kisha akampigia simu mwanawe: "Wamemuua kwa huruma yake. Umesikia? Huruma yake ndiyo iliyomuua!" Mwanawe naye alikwishakitazama kipande hicho kwenye hoteli ya madereva. "Ndiyo dunia ya siku hizi, mama," akasema.

Haba na haba hujaza kibaba, na hofu nayo ni vivyo hivyo. Kwanza aliondoa tofali. Kisha akaanza kuuliza "Nani?" kabla ya kuitika hodi. Kisha akataka mlango wa chuma, na aliyeutengeneza hakuwa mwingine ila mume wa Msusi, mchomelea vyuma, kijana asiye na maneno mengi lakini mkono wake hauna mfano. Aliuweka ukakaa kwenye fremu kama kifuniko kwenye sufuria yake. Ulikuwa na makomeo matatu, na tundu la kuchungulia lenye kigae cha kioo.

"Bibi," alisema akifuta jasho, "mlango huu hata mimi niliyeutengeneza siwezi kuuvunja."

"Ndiyo maana nimekuita wewe," Mama Pokea akamjibu, na wote wakacheka.

Tangu hapo kila aliyekuja alitakiwa aseme maneno maalumu: "Ni mimi, na niko peke yangu." Wanaume wenye ndevu waliyasema, wakiona aibu kidogo. Msusi aliyasema kwa sauti ya kuigiza, akijifanya askari anatoa taarifa, na bibi yake alifungua akicheka. Lakini komeo halikuachwa hata siku moja. Msusi alipotoka, yale makomeo matatu yalisikika yakifungwa nyuma yake, moja baada ya jingine. Yale maneno ya acha wazi tu yalipotea, na hakuna aliyeona siku yalipopotea.

Halafu kulikuwa na kelele. Masikio ya Mama Pokea yalikuwa yanazeeka, kwa hiyo sauti aliipandisha mpaka mwisho. Alasiri yote nyumba ile ilitoa mayowe, milio ya risasi, wanawake wanaoomba msamaha, watoto wanaoita mama zao. Siku za kwanza muuza mkaa, ambaye genge lake lilitazamana na nyumba hiyo, alivuka barabara mbio akiwa na koleo mkononi. "Mama! Kuna nini huko?" Alimkuta kakaa na kikombe cha chai mbele ya skrini. Alikuja tena mara ya pili, na ya tatu. Baada ya hapo hakuja tena, na hakuna aliyemlaumu. Mtaa ukazoea. Mtu akipiga yowe, watu wanasema, "Bibi kafungulia," na wanaendelea kuosha vyombo vyao.

Msusi alipopata mimba, Mama Pokea aliamka upya. Rimoti ilisahauliwa kwenye mto wa kiti. Alimlaza binti yule kitandani kwake, akapaka mafuta viganjani, akaipapasa mimba ile huku macho kayafumba, kwani siku zote aliona vizuri zaidi kwa mikono.

"Mkaidi huyu," akasema. "Kakaa kama ulivyokaa wewe. Kichwa kiko juu, kama anachungulia kuona nani amekuja."

"Ni hatari, Bibi?"

"Bado ana nafasi ya kugeuka. Na asipogeuka, wewe ulitokaje? Si mikono hii?" Akaionyesha, mbele na nyuma. "Kitu kimoja tu nakuomba. Ukisikia lolote, hata kama unadhani ni tumbo la kula vibaya, usikimbilie darajani. Njoo kwangu kwanza. Mtoto anayetanguliza miguu hataki safari, anataka mtu anayemjua."

"Nitakuja."

"Uape."

"Bibi nawe! Nitakwenda wapi kwingine?"

Siku yenyewe ilikuwa alasiri ya mvua. Mvua ya kuudhi, inayopiga bati mpaka mtu hasikii mawazo yake. Mchomelea vyuma alikuwa kazini mbali. Mama Pokea alikuwa kitini, magoti kayafunika kanga, na tamthilia ilikuwa imefika pabaya: mtu anakimbizwa, na wanaomkimbiza wanamkaribia. Ndipo mlango wa chuma ulipogongwa.

Alibonyeza rimoti. Nyumba ikanyamaza, ikabaki mvua.

"Bibi! Bibi, ni mimi!"

Aliijua sauti ile. Angeijua hata kaburini. Aliinuka bila kukumbuka magoti, na mkono wake ulikwishagusa komeo la juu, wakati sauti nyingine ilipofuata, ya kiume, nene, yenye haraka.

"Fungua, mama! Fungua upesi, anakufa huyu!"

Mkono ukaganda. Ni mimi, alisema Msusi. Hakusema yuko peke yake.

Mama Pokea akasogeza jicho kwenye tundu. Kwenye kile kioo kidogo, kilichokunjamana kwa maji, alimwona Msusi amejikunja, na nyuma yake mwanamume kamshika mkono. Kichwani mwanamume huyo alikuwa na helmeti nyeusi. Mkono wake mwingine, ule aliougongea mlango, ulikuwa mwekundu mpaka kwenye kiwiko.

Aliliacha komeo lilivyo, akarudi kinyumenyume mpaka ukutani, akatafuta simu. Mwanawe alipokea akiwa barabarani, na mngurumo wa lori ukasikika.

"Wamekuja," alinong'ona. "Wako mlangoni. Wamemshika Msusi."

"Wangapi?"

"Namwona mmoja. Ana helmeti. Ana damu."

"Mama, usifungue!" Mwana alipiga kelele kama mtu anayemwona mama yake ukingoni mwa shimo. "Wanamtumia huyo ili ufungue! Ni mbinu yao!"

"Lakini ni Msusi, baba. Ananiita."

"Ndivyo wanavyofanya! Jifungie chumbani. Usifungue, mama, nakuomba!"

Nje binti alikwishaacha kuita. Mara ikasikika sauti nyingine, chini kabisa, nzito, ya kutoka tumboni, ikavutwa na kushikiliwa na kuachiwa. Sikio la Mama Pokea lilishtuka. Kuna kitu ndani yake kilisimama wima, kikataka kwenda kunawa mikono. Lakini kichwani kulikuwa na sauti nyingine zilizomzoeza kwa miezi yote ile, na zilikuwa na nguvu zaidi. Mwenye uchungu wa kweli angepiga mayowe, alijiambia. Tena mwezi wake bado haujafika. Niliipima mimba mwenyewe.

Akajifungia chumbani, akakaa sakafuni kati ya kitanda na ukuta, akaziba masikio. Yule mwanamume aligonga tena, akagonga dirisha, akapiga ukelele uliopotea kwenye bati. Kisha hakukuwa na kitu isipokuwa mvua, na bibi aliyekuwa akimshukuru Mungu kwa kumwokoa.

Mvua ilipokatika, jua lilitoka kidogo, na mitaro ikawa inanguruma. Alisikia watu wakipita, wakizungumza kawaida. Akachungulia kwenye tundu, hakuona mtu. Akatoa komeo la kwanza, la pili, la tatu.

Kwenye kizingiti, pale ambapo paa lilizuia mvua, kulikuwa na ndala moja ya kike. Pembeni yake palikuwa na dimbwi dogo la majimaji yaliyochanganyika na damu. Mama Pokea aliinama. Hakuhitaji kuinama, harufu ilikwishamfikia. Ni harufu aliyoijua kuliko ya nyumba yake, tamu kidogo, ya vuguvugu, isiyofanana na kitu kingine chochote duniani. Chupa ya uzazi ilipasukia hapa, mlangoni kwake.

Ndipo ile sauti ikamrudia. Kama mtu anayesukuma kabati peke yake. Aliisikia kwa masikio yake mwenyewe, sauti ambayo hakuwahi kuikosea tangu usichana, akaipima kwa yule mnadi samaki.

Alitoka hivyo hivyo, miguu mitupu, akitembea kwa kuchechemea katikati ya barabara. Muuza mkaa alikuwa anafunua genge lake.

"Mama Pokea, unakwenda wapi na matope haya?"

"Msusi yuko wapi?"

"Si yuko kwake? Mvua yote hii, nani ametoka?"

"Hamkusikia?" Sauti yake ilipasuka. "Hamkusikia mtu akipiga kelele mlangoni kwangu?"

Muuza mkaa alimtazama, na mikono yake iliyoshika turubai ikashuka polepole.

"Tulisikia," akasema. "Tulidhani ni televisheni yako."

Dereva wa pikipiki alikutana naye karibu na daraja, akirudi. Helmeti alikuwa ameining'iniza mkononi, na bila helmeti alikuwa mtu wa kawaida kabisa, mwenye uso mpole na macho mekundu. Yeye alikuwa mpita njia tu, amejikinga mvua kibarazani kwa Msusi, alipoona binti anaanguka na nguo zake zimelowa damu. Alimwinua. Binti akakataa kwenda darajani, akamwonyesha nyumba ya Bibi. Waliposhindwa kufunguliwa, alikwenda kusimamisha gari lililobeba mchanga, akampakia nyuma, juu ya mchanga.

Hakumlaumu. Hakujua hata kwamba ana haki ya kulaumu.

"Miguu ilitoka, mama," alisema, kama mtu anayetaka kufafanuliwa jambo. "Ilikuwa inacheza. Niliiona inacheza. Kisha kichwa kikakwama, na mimi sikujua la kufanya. Yeye akawa ananiambia, 'Bibi angejua, Bibi angejua.'"

Mama Pokea aliitazama mikono yake. Alijua la kufanya. Ni vidole viwili mahali pake, na mwili wa mtoto kulazwa juu ya mkono, na subira. Hakuna zaidi. Aliyafanya hayo gizani, aliyafanya kwa kibatari, na hata Msusi, mama wa mtoto huyu, yeye ndiye aliyemtoa hivyo hivyo.

Mtoto alikuwa wa kiume. Alizikwa siku iliyofuata.

Mwana wa Mama Pokea alikuja na lori lake zima, hata mzigo hakuushusha. Aliingia, akatoa bisibisi, akaishusha televisheni ukutani kwa hasira, skrubu zikaruka sakafuni.

"Ni hii," alisema, na machozi yalikuwa yanamtiririka mtu mzima yule. "Ni hii laana. Na mimi ndiye niliyeileta."

"Iache," mama yake akamwambia. "Usiisingizie kitu. Haina mikono. Komeo ninalo mimi."

"Mama, mimi nilikwambia usifungue!"

"Uliniambia. Kwani wewe ndiye mkunga?"

Wapo waliosema mama ana haki, mwenye mkono ndiye mwenye kosa. Wapo waliosema sanduku lile lilimla bibi wa watu kidogo kidogo mpaka likabakiza ngozi, na kila mmoja akaenda kwake kufungulia la kwake, maana alasiri ilikuwa imefika. Ukweli haukumsaidia mtu. Maji yakimwagika hayazoleki, na pale ukutani palibaki matundu manne ya skrubu, ambayo Mama Pokea aliyatazama kwa saa nyingi kama alivyokuwa akitazama zamani ukuta mtupu.

Waliokuja kumpa pole walimwekea neno mdomoni. Walisema, "Bibi alikuwa amelala, na mvua ile, nani angesikia?" Hakukubali wala hakukataa. Mchomelea vyuma alipita mbele ya nyumba kila asubuhi akienda kazini. Hakuutazama mlango wake.

Mama Pokea hakufunga tena. Alilitafuta lile tofali la zamani, akaliweka chini, na mlango wa chuma ukashinda wazi na kulala wazi. Paka waliingia na kutoka. Hakuna mwingine aliyeingia.

Mpaka mwisho wa juma mmoja, wakati ule ule aliozoea, Msusi alikuja. Alikuwa amekonda, na kitana na kichupa cha mafuta vilikuwa mkononi. Mlango ulikuwa wazi, lakini alisimama kizingitini, miguu nje.

"Bibi, ni mimi," alisema. "Niko peke yangu."

"Ingia," Mama Pokea akajibu.

Msusi aliingia, akaketi kwenye kiti, na bibi akajikalisha kwenye mkeka mbele yake, kama kawaida yao. Kabla hajageuka alikuwa ameyaona madoa mawili yaliyolowa mbele ya gauni la binti yule. Maziwa yalikuwa yamekuja kwa wakati wake. Mwili hauambiwi habari za msiba. Alitaka kumwambia afunge kifua kwa kitambaa, asiyakamue, yatakauka yenyewe. Aliwaambia wanawake wengi maneno hayo, na sasa hayakutoka.

Vidole vikaanza kufumua nywele zake, taratibu. Msusi alifanya mstari wa kwanza, akafanya wa pili.

"Bibi, ulikuwa umelala. Sivyo?"

Nje muuza mkaa alikuwa anabishana na mteja.

"Wote wanasema ulikuwa umelala," Msusi akaendelea. Hakuuliza kwa hasira, aliuliza kama mtu anayeomba maji. "Na mimi nimewaambia hivyo hivyo. Mume wangu nimemwambia, Bibi alikuwa amelala."

Neno moja tu lilihitajika. Ndiyo, mwanangu. Kwa neno hilo Msusi angerudi wiki ijayo na ile nyingine, vidole hivi vingebaki vyake, na uzee wake ungekuwa na mtu wa kuutania. Mama Pokea alilihisi neno lile kwenye ulimi, jepesi.

"Sikulala," alisema. "Nilikuwa macho. Nilikuona kwenye tundu."

Mikono kichwani mwake ikasimama.

"Nilijua," Msusi alisema. "Nilisikia televisheni ikizimwa. Ilipozimwa, Bibi, nilifurahi. Nikamwambia yule dereva, 'Tulia kaka, Bibi anakuja.'"

Mama Pokea akaziba mdomo kwa kanga. Kilio kilichomtoka hakikuwa na sauti kubwa.

"Niliogopa," alisema alipoweza. "Nilimwona yule mtu, na helmeti yake, na damu. Nikadhani wamekuja kuniua. Niliogopa, mwanangu."

"Mimi nilikuwa mbele yake. Uliniogopa na mimi?"

Mama Pokea alitafuta jibu, na la kweli lilikuwa ndiyo. Msusi hakulisubiri.

Mikono ikaanza kusuka upya. Msusi haachi kichwa nusu, hata kiwe cha nani. Alisuka mpaka mstari wa mwisho, bila kuvuta, bila kuumiza, kwa upole ule ule wa siku zote, na upole huo Mama Pokea aliuona mzito kuliko kipigo. Alipomaliza alifunga ncha, akapaka mafuta kwenye ngozi, akafuta shingo ya bibi yake kwa kiganja. Akakusanya kitana na kichupa, akainuka.

"Umependeza, Bibi," alisema, kama alivyosema kila wiki.

Akaelekea mlangoni. Kwa ncha ya mguu alilisukuma lile tofali pembeni, kisha akatoka, akashika mlango.

"Usifunge, mwanangu," Mama Pokea alisema kutoka pale sakafuni. "Acha wazi tu."

Msusi aliuvuta polepole, bila kishindo. Mlango ukaja wote, ukakaa sawasawa kwenye fremu yake, kwa sababu mumewe ni fundi mzuri.